Usukani wa Mkunga

Ko.

Mlio mmoja tu, mkavu, kama kijiti kilichovunjwa ndani ya kitambaa. Kwa miaka minne fundi aliusikia kila asubuhi ya kazi, na mahali ni palepale: gari likishatoka getini, mke wake akianza kuzungusha usukani kushika barabara ya lami. Ko. Kisha kimya. Gari likajiendea zake, na yeye kwenye kiti cha abiria, bakuli la chakula cha mchana mapajani, akabaki ametega sikio.

"Umeusikia?" aliuliza.

"Nimeusikia," mke wake alijibu, macho barabarani.

"Krosi hiyo. Imekwisha."

Krosi ni kile kiungio chenye umbo la msalaba kinachoshikanisha shafti ya usukani na vyuma vya chini. Ikilika, hulia. Fundi akaibadilisha, mlio ukabaki. Akaibadilisha mara ya pili, akaweka mpya kabisa, ingali na grisi ya kiwandani, na kesho yake asubuhi, palepale getini: ko. Akakitukana kiwanda.

Gereji nzima ilimwita Shingo. Si kwa ajili ya shingo yake mwenyewe, iliyokuwa fupi na nene kama ya mtu yeyote aliyekula ujana wake akichungulia chini ya magari, bali kwa ajili ya kazi. Lile bomba linaloanzia kwenye usukani na kuteremka hadi miguuni mwa dereva, pamoja na shafti iliyomo ndani yake, mafundi wa pale waliliita shingo ya gari, na mjini hapakuwa na mtu aliyejua kulikata, kulirefusha, kulipandisha na kulishusha kama yeye. Miaka thelathini na moja aliifanya kazi hiyo. Dereva wa lori ambaye usukani ulimchora mstari kitambini, mwalimu mrefu aliyeendesha magoti yakimgusa kidevu, bibi mmoja aliyechungulia barabara katikati ya usukani kama mtu anayechungulia kwa jirani kupitia ua, wote walielekezwa kwenye banda la mabati nyuma ya gereji. "Muulizeni Shingo."

Na alikuwa na namna yake ya kupima, ambayo hakufundishwa na mtu. Katikati ya banda kulikuwa na kiti kimoja cha gari, kimefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya saruji. Gari lenyewe halikuwepo. Mteja aliketi, akakisogeza kiti mbele au nyuma mpaka aridhike.

"Haya, fumba macho. Umetoka mbali, barabara imenyooka, hakuna haraka. Shika usukani."

"Usukani gani, fundi?"

"Huohuo."

Watu wazima waliona haya. Wengine walicheka. Lakini wakishafumba macho na kutulia kidogo, mikono ilinyanyuka yenyewe na kushika hewa. Hapo Shingo alisogea na uzi wake, akapima kutoka kifuani hadi viganjani, kutoka mapajani hadi vifundoni mwa mikono, akaandika kwa chaki ukutani.

Fundi wa rangi, aliyefanya kazi banda la pili, hakuacha kumchokoza. "Shingo! Huyo naye umempa gari la hewa? Mwambie asinigongee ndoo zangu!"

"Wewe paka rangi, wacha wenye akili wafanye kazi."

Ukimwuliza mtu anataka usukani ukae wapi, alikuwa akisema, atakuambia pale alipouona kwenye gari la shemeji yake. Ndiyo maana hakuuliza. Aliitazama mikono. Na hakuna aliyetoka pale na shingo mpya bila kuketi kwenye kile kiti. Siku moja tajiri fulani alimtuma dereva na vipimo vimeandikwa vizuri kabisa, na Shingo akamrudisha. "Mwambie bosi wako aje mwenyewe. Karatasi haina mabega."

Maneno hayo yalizunguka gereji mwaka mzima. Yeye mwenyewe aliyapenda, akayarudia nyumbani mezani, na mke wake akatabasamu kidogo, akaendelea kula kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelala mapajani.

Mke wake alikuwa mkunga. Siku tano za juma aliliendesha gari lao dogo nyumba kwa nyumba kuwaona wanawake waliojifungua: kuvipima vichanga, kutazama vitovu, na kusikiliza yale ambayo mzazi hawezi kuyasema mama mkwe akiwa sebuleni. Alikuwa mfupi, mwepesi, msema kidogo. Na tangu siku gari lile liliponunuliwa, miaka kumi na moja nyuma, alikuwa amesema jambo moja.

"Mume wangu, usukani uko mbali."

"Sogeza kiti."

"Kimefika mwisho."

"Basi weka mto mgongoni. Nitakutengenezea, mama. Nikipata nafasi tu."

Aliweka mto. Mto ulipochakaa alishona mwingine. Nafasi alizipata mwenye kitambi, akazipata mwalimu mrefu na bibi wa kuchungulia. Mwaka wa saba mkunga aliacha kusema, na Shingo, akiusikia ule ukimya, aliuelewa kama watu wengi wanavyouelewa ukimya wa wake zao: kwamba mambo yametengemaa.

Hadi Jumapili moja ya mchana, jikoni. Yeye alikuwa mlangoni akikausha mikono. Mke wake alisimama kwa vidole vya miguu kuchukua chekeche kwenye rafu ya juu, akaunyoosha mkono wa kushoto.

Ko.

Shingo aliganda na taulo mkononi. Gari lilikuwa nje, limezimwa, limefunikwa turubai.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Kunyoosha mkono."

Mke wake alimtazama, kisha akaunyoosha polepole, uso umekunjamana. Bega likalia. Ukisikika kwa karibu hivyo, ulikuwa mlio mwingine, laini zaidi, wenye nyama.

"Ni wewe," Shingo alisema.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu krosi ya kwanza."

"Miaka minne! Na hukusema?"

Mkunga aliliweka chekeche mezani. "Nilisema usukani uko mbali. Nilisema miaka saba. Ulitaka nikuambie kwa lugha ya magari?"

Bega lenyewe lingekuwa la kuuguza taratibu, lakini kazi haikungoja. Katika miezi ya karibuni mkunga alikuwa ameukwaruza mlango wa gari kwenye nguzo za mageti mara mbili, kwa sababu mkono ulikataa katikati ya kona. Msimamizi wa kituo cha afya, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini. Jumatatu ijayo, alimwambia, tutazunguka wote wawili, wewe ukiendesha. Ukiendesha vizuri utaendelea na wazazi wako hadi ustaafu. Ukishindwa, nitakuhamishia chumba cha mafaili.

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu, ngazi fupi, na kitundu ukutani ambamo watu walipenyeza kadi zao na kupenyezewa namba.

"Imebaki miaka mitatu," mkunga alimwambia mume wake jioni ile. Sauti yake haikupanda. "Sitaki kuimalizia ndani ya kabati."

"Hutaimalizia humo. Jumatatu utaendesha kwa kidole kimoja."

Ijumaa alimwambia analipeleka gari gereji kubadilisha matairi. Alisema uongo kwa furaha, kama mtu anayeficha zawadi nyuma ya mgongo.

"Nije nawe?" mkunga aliuliza. "Jumamosi sina kazi. Nitakaa tu."

"Kaa nyumbani upumzishe bega."

Jumamosi asubuhi banda la mabati lilifunguliwa mapema. Shingo alivua usukani, akaondoa boliti nne za breketi, kile chuma kinachoishika shingo chini ya dashibodi, akaitoa shingo nzima na kuilaza mezani kama mgonjwa. Fundi wa rangi alikuja kusimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Naona leo ni gari la nyumbani. Miujiza! Shemeji yuko wapi, umpime?"

"Huyu simpimi. Huyu namjua."

"Eti?"

"Miaka ishirini na sita, ndugu yangu. Mikono ya mke wangu nikaipime kwa uzi?"

Fundi wa rangi alikunywa chai yake. "Mimi wangu nikimletea viatu bila kumuuliza, vinambana kila mara," alisema. "Lakini mimi ni mpaka rangi."

Alipoondoka, Shingo aliketi yeye mwenyewe kwenye kile kiti. Alifumba macho. Akarudi kwenye uwanja wa mpira uliokuwa mtupu, gari la kuazima, na msichana wa miaka ishirini na minane aliyetaka kujua kuendesha kabla hajaposwa na mtu. Aliketi wima kama mwanafunzi aliyeitwa kusoma mbele ya darasa. Viwiko vimebana mbavuni. Mikono juu, karibu na kifua, imekamata kana kwamba usukani utamtoroka. Shingo aliifunika mikono ile kwa mikono yake siku hiyo, na joto lake lilikuwa bado liko pale, lilimjia viganjani mote. Basi pale pale, juu, karibu na kifua, ndipo alipoweka alama.

Hakuna kazi aliyoifanya vizuri kama ile. Sehemu ya meno, ile inayoruhusu shafti ijikunje dereva asije akachomwa kifua ajali ikitokea, hakuigusa. Alikata chini yake kwa msumeno wa mkono, si mashine, ili chuma kisipate moto. Alikereza kipande cha kuongezea, akakivika kama pete kwenye kidole, akachomelea kidogo kidogo na kupumzisha, akachomelea na kupumzisha. Breketi akaikata na kuipandisha. Akapiga tupa mpaka mshono haukuonekana, ukabaki tu kama wazo. Sentimita saba karibu, sentimita tano juu. Jumapili alasiri alilitembeza gari mtaa mzima. Usukani ulikuwa mwepesi kama kugeuza ukurasa.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mkunga alitoka amevaa sare yake nyeupe, mkoba wa kazi kwenye lile bega lililo zima. Shingo alikuwa ameshamfungulia mlango.

"Ingia, mama. Usiseme kitu. Ingia tu."

Aliingia. Aliutazama usukani uliomjia kifuani. Akainua mkono wa kulia, ukafika. Halafu, kwa mkono huo wa kulia, aliushika wa kushoto kwenye kifundo, akaunyanyua, na kuuweka juu ya usukani kama mtu anayepandisha kitu kwenye rafu.

Shingo aliliona hilo. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Vipi? Si umekaribia?"

"Umeupandisha."

"Ulisema uko mbali!"

"Nilisema uko mbali. Sikusema uko chini." Alikaa akiutazama mkono wake pale juu. "Mkono huu hauvuki hapa." Akaonyesha chini ya titi. "Miaka minne naushika usukani chini, mapajani. Chini ndiko bega linakoniachia. Hukuona ninavyoshika?"

Shingo alikuwa ameketi kando yake kila asubuhi kwa miaka minne, umbali usiofika hatua moja, na muda wote huo alikuwa ametega sikio. Mikono hakuitazama hata siku moja.

"Shuka," alisema. "Shuka, nitaurudisha. Ni kazi ya saa mbili tu, nileteeni spana..." Aligeuka kana kwamba yuko gereji na kuna mtu wa kumletea.

"Msimamizi ananingoja saa mbili kamili."

"Mwambie kesho."

"Nimwambie nini? Kwamba mume wangu, fundi wa usukani wa mji mzima, amenikosea usukani?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu. Aliushusha ule mkono, akausukuma mto nyuma ya mgongo wake, akaona hauhitajiki tena, akautupa kiti cha nyuma. Kisha akaondoka, akizungusha kwa mkono mmoja.

Fundi hakwenda gereji siku hiyo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na kuhesabu kona: ya getini, ya sokoni, ya shule. Baada ya shule kulikuwa na mzunguko wa barabara, na mzunguko hauendeshwi kwa mkono mmoja.

Saa tano gari lilirudi. Aliyeendesha alikuwa msimamizi. Mkunga alikuwa kiti cha abiria, mkoba mapajani, amenyooka. Tairi la mbele lilikuwa limebeba majani na udongo mwekundu.

"Hakuna aliyeumia," msimamizi alisema haraka, akishuka. "Tulipanda ukingo tu pale kwenye mzunguko, tukasimama kwenye majani. Mkono ulikwama. Pole, fundi." Alimpa ufunguo. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na ukimya ule ulimtesa, akaongeza, "Lakini usukani wenu ni mzuri sana. Mwepesi! Nimeufurahia."

Shingo alipokea ufunguo, akasema asante.

Jua lilipopoa alitoka na sanduku la spana, akafungua mlango wa gari, akapiga magoti. Mke wake alimfuata, akasimama nyuma yake.

"Unafanya nini?"

"Naushusha. Nitakata ile breketi, niuweke mapajani kabisa. Keti nikupime, mama. Fumba macho."

"Uushushe, nikaendeshe wapi?"

Shingo alichukua spana.

"Funga sanduku lako," mkunga alisema. "Majirani wanaona."

Akaanza chumba cha mafaili. Aliendelea kuvaa sare nyeupe na kuipiga pasi, ingawa kule nyuma ya kitundu watu waliona vidole vyake tu. Alienda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Jioni Shingo alimuuliza habari za kazi, naye akasema nzuri. Kuna jioni alisema amepenyezewa kadi ya mwanamke ambaye watoto wake wanne aliwapokea yeye mwenyewe, akampa namba, na mwanamke yule hakujua ni nani.

Wazazi wa mitaani walipewa mkunga mpya, binti mwembamba, mpole, aliyemaliza chuo mwaka juzi. Hakuwa na gari. Wiki tatu alizunguka kwa miguu, na wengine hakuwafikia. Mkunga alilijua hilo kutoka kwenye mafaili yenyewe: mistari mitupu mahali ambapo uzito wa mtoto ungeandikwa.

"Nitamwazima gari," alimwambia mume wake.

"Gari lako?"

"Wale wanawake hawana kosa."

Binti alikuja Jumamosi asubuhi. Alimsalimia Shingo akikunja magoti kidogo, "Shikamoo, baba," akaingia kwenye gari, akasita kugusa chochote. Mkunga aliinama dirishani.

"Usiogope. Shika."

Binti alishika. Aliketi wima, viwiko vikabana mbavuni, mikono juu, karibu na kifua, imekamata barabara. Usukani ulikuwa umemngoja palepale. Hakusogeza kiti hata alama moja. Aliugeuza kushoto, akaugeuza kulia, na uso wake wote ukafunguka.

"He! Baba, umenipima lini?" alicheka. "Gari zote nilizofundishiwa zilikuwa zinanivuta mikono. Hili kama limeshonwa mwilini mwangu!"

Shingo aliikodolea macho ile mikono. Kisha akamtazama mke wake, na akaona kwamba naye anaitazama, na kwamba ameelewa, kwa sababu hata yeye aliukumbuka ule uwanja.

"Nyumba ya kwanza baada ya daraja," mkunga alimwambia binti, "usibishe mlangoni. Pitia uani. Mama mkwe ana maneno. Ile ya ghorofa, mtoto hanyonyi upande wa kulia, usimgombeze mama yake, mwonyeshe tu. Na yule wa mwisho kabisa, atakuambia yuko sawa. Usimwamini. Keti kwanza, unywe maji, ndiyo atasema."

"Ndiyo, mama."

"Nenda sasa."

Gari lilitoka getini, likaishika lami, likapotea nyuma ya ukuta wa jirani. Vumbi lilikaa hewani kidogo, likatua. Mkunga alibaki amesimama akiwa ameshika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba kichanga.

"Kumbe nilikuwa hivyo," alisema.

"Ulikuwa hivyo."

"Nilikuwa mzuri."

Alisema bila kumtazama, wala hakungoja jibu. Alienda kuketi kwenye ngazi. Shingo alikuwa na maneno mengi tayari, alikuwa ameyakusanya wiki nyingi: kwamba breketi ni kazi ya asubuhi moja, kwamba kuna daktari wa mifupa anayesifiwa, kwamba alitaka kumfurahisha, kwamba uwanja ule hakuwahi kuusahau. Aliyageuza mdomoni moja moja, na kila moja lilikuwa la kujitetea. Akaketi chini yake ngazi moja, mgongo wake karibu na magoti ya mke wake. Hakuthubutu kugeuka. Mtaani watu walipita na shughuli zao, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkunga ilibidi ainame ili aisikie.

"Mama," alisema, "uliniambia."